ANDREA KAGGWA: MTOTO WA KUTEKWA ALIYEKUWA MWALIMU WA IMANI



Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni, nchi hii iliyotupokea husimamisha kazi. Barabara ya kwenda Namugongo hujaa watu. Wengine wametembea kwa miguu siku nyingi kutoka pande zote za Uganda, na wengine wamevuka mipaka kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Watoto wetu wanarudi kutoka shule na swali: hao mashahidi walikuwa nani, na sisi wageni wanatuhusu nini?

Mara nyingi tunawajibu kwa majina mawili, Karoli Lwanga na Kizito, halafu tunanyamaza. Leo nawaletea habari za mwingine katika kundi hilo. Huyu hakuzaliwa Buganda. Aliletwa huku akiwa mtoto, kwa nguvu, baada ya vita. Jina lake ni Andrea Kaggwa. Ndugu zetu Wakatoliki wanamhesabu kuwa mtakatifu, na wanamtaja kuwa msimamizi wa makatekista, wa walimu na wa familia. Sisi ambao hatuna desturi ya kuwaomba watakatifu, tusiogope kusoma maisha yake. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11 na ya 12, unatufundisha kuwatazama waliotutangulia ili tupate nguvu ya kupiga mbio. Tumtazame basi.

UTOTO WAKE

Kaggwa alizaliwa Bunyoro, yapata mwaka 1856. Ninyi mnaoishi Kyangwali na Kiryandongo mnaijua ardhi hiyo, kwa sababu mnalima mahindi na maharage yenu juu yake. Zamani zile falme za Bunyoro na Buganda zilikuwa na uadui mkubwa. Majeshi ya Buganda yalikuwa yakivuka kwenda kuteka ng'ombe, wanawake na watoto. Katika uvamizi mmoja wa namna hiyo, mtoto Kaggwa alichukuliwa, akapelekwa Buganda.

Hakuna haja ya kueleza sana jambo hili kwa wasomaji wa gazeti hili. Wapo kati yetu wazazi ambao watoto wao walichukuliwa usiku na watu wenye silaha, na mpaka leo hawajui walipo. Wapo pia vijana waliotoroka porini wakarudi. Kaggwa alikuwa mtoto wa namna hiyo. Alitengwa na mama yake, na lugha yake, na makaburi ya babu zake, akawa mali ya watu waliomteka.

Wala hakuwa peke yake. Matia Kalemba Mulumba, mmoja wa mashahidi wenzake, alitekwa Busoga akiwa mdogo. Anatoli Kiriggwajjo naye alitoka Bunyoro kwa njia hiyo hiyo ya kutekwa. Watu husema mashahidi wa Uganda ni Waganda. Ukiangalia vizuri, unakuta ndani yao watoto wa vita kutoka kwa jirani.

MPIGA NGOMA WA KABAKA

Watoto wazuri wa sura na wepesi wa akili walikuwa wakipelekwa katika jumba la Kabaka kutumika. Kaggwa alichaguliwa, akawa mtumishi katika jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza. Alijifunza Kiluganda mpaka kikawa lugha yake. Watu walimpenda kwa tabia yake njema na uso wake wa furaha. Aliwekwa katika kundi la wapiga ngoma, akaonyesha ujuzi, na baada ya muda akafanywa mkuu wa wanamuziki wote wa Kabaka. Cheo hicho kiliitwa Mugowa.

Tukumbuke habari za Yusufu katika nchi ya Misri. Aliuzwa kama mtumwa, lakini kila mahali alipowekwa alifanya kazi kwa uaminifu, na Mungu akampa kibali. Kaggwa naye hakukaa akihesabu aliyonyang'anywa. Alishika kazi aliyopewa na mikono yake, nayo ilikuwa ngoma, akaifanya vizuri kuliko wote.

Ndani ya jumba hilo alijuana pia na mwana wa mfalme, kijana Mwanga. Wakawa marafiki. Urafiki huo ulimpa heshima kubwa baadaye, na mwishoni haukuweza kumwokoa.

ANAPOKEA NENO LA MUNGU

Wamisionari wa kwanza wa Kanisa la Anglikana walifika Buganda mwaka 1877. Mapadri Wazungu wa shirika la White Fathers, akiwemo Padri Siméon Lourdel, walifika mwaka 1879. Katika jumba la Kabaka vijana walianza kusoma. Kwa Kiluganda Mkristo aliitwa msomaji, kwa sababu mtu aliyeamini alionekana na kitabu mkononi.

Kaggwa alisoma kwa mapadri. Tarehe 30 Aprili 1882 alibatizwa, akapewa jina la Andrea. Siku hiyo hiyo alibatizwa pia Yosefu Mukasa Balikuddembe, ambaye baadaye angekuwa wa kwanza wa Wakatoliki kuuawa. Andrea akaoa mke mmoja, Klara Batudde, na kuishi naye katika ndoa ya Kikristo. Wakati ule mtu mwenye cheo chake alitazamiwa kuwa na wake wengi. Kuwa na mmoja tu ilikuwa ushuhuda ambao majirani waliuona kila siku bila kuhubiriwa.

KANISA BILA PADRI

Miezi saba tu baada ya ubatizo wa Andrea, mwezi Novemba 1882, mapadri waliondoka Buganda. Waliona hali ya hatari, wakahamia Bukumbi, kusini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Walirudi Julai 1885. Kwa hiyo kwa karibu miaka mitatu Wakristo Wakatoliki wa Buganda walibaki bila padri hata mmoja. Hawakuwa na misa, wala mtu wa kuwaambia la kufanya. Wengi wao walikuwa wamebatizwa mwaka huo huo, na walio wengi zaidi walikuwa bado hawajabatizwa.

Kwa hesabu ya kibinadamu kanisa hilo lilipaswa kufa. Halikufa, bali liliongezeka, kwa sababu watu kama Andrea hawakungoja. Yosefu Mukasa aliwakusanya vijana wa ndani ya jumba la Kabaka. Matia Kalemba na Luka Banabakintu waliwafundisha watu wa Mityana. Andrea Kaggwa aliifanya nyumba yake kuwa shule. Wapiga ngoma wake walikuja, majirani walikuja, watoto walikuja. Msaidizi wake katika kundi la muziki, Yakobo Buuzabalyawo, alikuwa mmoja wa hao, na baadaye alichomwa moto Namugongo. Ugonjwa wa tauni ulipoingia, Andrea alikwenda kwa wagonjwa ambao wengine waliwakimbia. Aliwahudumia, aliwafundisha walio karibu kufa na kuwabatiza, na aliwazika.

Wapendwa, hapa napenda tusimame kidogo. Ni mara ngapi tumesikia katika makazi yetu kwamba kazi ya Mungu imelala kwa sababu mchungaji amepata safari ya kwenda nchi ya tatu, au kwa sababu hakuna aliyesoma chuo cha Biblia, au kwa sababu turubai la kanisa limechanika? Andrea hakusoma chuo chochote. Alikuwa mpiga ngoma aliyejua sala zake na mafundisho machache, akayatoa hayo machache kwa wote. Mapadri waliporudi mwaka 1885, walikuta mamia ya watu wanangoja.

MFALME KIJANA NA HOFU YAKE

Kabaka Mutesa alikufa Oktoba 1884. Mwanga, kijana wa miaka kama 16, akakaa kwenye kiti. Mwanzoni Wakristo walifurahi, maana wengi walikuwa rafiki zake. Andrea alipendwa sana. Mwanga alikwenda naye kuwinda na kutembea, akamwamini kuliko wakuu wengi.

Lakini hofu iliingia katika moyo wa mfalme. Alisikia kwamba Wazungu wanakata nchi za pwani. Aliona kwamba vijana wake wa jumbani wanamtii Mfalme mwingine asiyeonekana, na kwamba wanakataa mambo machafu aliyotaka kuwatendea. Wakuu wa zamani, hasa Katikiro, yaani waziri mkuu, waliongeza kuni katika moto huo. Walimwambia kwamba wasomaji watampindua.

Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Sserwanga, waliuawa Busega. Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kuja Buganda. Yosefu Mukasa alimwonya Kabaka kwa ujasiri juu ya damu hiyo, naye akauawa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885. Mahali hapo ni katikati ya mji wa Kampala wa leo, karibu na soko ambapo wengi wetu tunatafuta riziki.

Februari 1886 moto uliteketeza jumba la Kabaka pale Mengo. Mwanga alihama, na baadaye akakaa Munyonyo, kando ya ziwa. Hofu yake ilizidi.

MUNYONYO, TAREHE 26 MEI 1886

Tarehe 25 Mei Mwanga alirudi kutoka kuwinda akiwa na hasira. Alimkuta kijana Denis Ssebuggwawo akitoka kufundisha dini, akamchoma kwa mkuki, na kesho yake Denis akamalizwa. Usiku huo Karoli Lwanga aliwabatiza wanafunzi ambao walikuwa bado, akiwemo Kizito, kwa sababu alijua asubuhi italeta nini. Asubuhi Kabaka aliwaita vijana wote wa jumba na kuwataka Wakristo wasimame upande wao. Walisimama. Wakahukumiwa kifo, wakaanza safari ya kwenda Namugongo.

Siku hiyo hiyo Katikiro aliomba kichwa cha Andrea Kaggwa. Alikuwa na sababu zake. Andrea alikuwa amewafundisha dini watoto wa nyumba ya Katikiro mwenyewe. Tena Katikiro aliona kwamba mgeni huyu kutoka Bunyoro anapendwa na mfalme kuliko yeye, na aliogopa kunyang'anywa kiti chake. Mwanga alisita. Hakutaka kumpoteza rafiki yake wa ujana. Lakini Katikiro hakuacha kumsukuma, na mwisho mfalme akachoka, akamwachia afanye anavyotaka.

Andrea alikamatwa, akapelekwa mbele ya Katikiro. Aliulizwa kama yeye ndiye anayefundisha dini, naye hakukana. Katikiro aliamuru auawe mara moja, na akasema hatakula chakula mpaka aletewe mkono wa Andrea uliokatwa. Wauaji walikawia njiani. Walimjua mtu huyu, tena walidhani kwamba mfalme atabadilisha mawazo na kutuma mjumbe. Andrea mwenyewe ndiye aliyewahimiza wafanye walichotumwa. Walimkata mkono kwanza, ukapelekwa kwa Katikiro. Halafu wakamkata kichwa. Alikuwa na miaka kama 30.

Siku nane baadaye, Alhamisi tarehe 3 Juni 1886, ambayo ilikuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja Namugongo. Kwa jumla kanisa linakumbuka majina ya mashahidi 45 wa miaka ile: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

YALIYOFUATA

Wengi wanaposimulia habari hizi huishia kwenye moto wa Namugongo. Mimi naona inafaa tujue yaliyompata Mwanga pia.

Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Yeye aliyewakimbiza watu akawa mkimbizi. Alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kusini, na baada ya mahangaiko akapokelewa Bukumbi, kwa mapadri wale wale ambao wanafunzi wao alikuwa amewaua. Walimpa mahali pa kulala na chakula. Mwaka 1889 Wakristo wa Buganda walipigana ili kumrudisha kwenye kiti. Miaka ilipita, akaasi dhidi ya Waingereza, na mwaka 1899 alikamatwa pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Wote wawili, wafalme wa falme zile mbili zilizokuwa zikiteka watoto, walipelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Huko Mwanga alibatizwa, akaitwa Danieli. Alikufa huko mwaka 1903.

Kuna jambo lingine la kuhuzunisha. Wakatoliki na Waprotestanti walichomwa katika moto mmoja mwaka 1886, lakini Januari 1892 watu wa makanisa hayo mawili walipigana kwa bunduki pale Mengo, hapa Kampala. Ilikuwa haijapita hata miaka sita.

Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza mashahidi Wakatoliki kuwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo wa 6 akawatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Siku ile aliwataja kwa heshima na mashahidi Waanglikana pia. Mwaka 2015 Papa Fransisko alipofika Uganda, alikwenda Munyonyo kuwasalimu makatekista na walimu, mahali alipouawa mwalimu mwenzao. Mahali hapo panatunzwa mpaka leo. Ninyi mnaoishi Kampala mnaweza kupanda taksi mjini na kufika bila shida.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Mtoto aliyetekwa si mtoto aliyepotea mbele za Mungu. Mzazi unayelia usiku, omba kwa jina la mtoto wako bila kuchoka. Na ninyi mlio na mtoto wa watu nyumbani, mtoto aliyeokotwa njiani wakati wa kukimbia, mleeni kama wenu. Hamjui Mungu anamwandaa kwa kazi gani.

2. Mgeni anaweza kuwa baraka kwa nchi aliyofikia. Kitabu cha 2 Wafalme, sura ya 5, kinatupa habari ya msichana mdogo aliyetekwa na Washami. Aliitakia heri nyumba ya bwana wake Naamani, akamwonyesha njia ya kupona. Andrea alifanya vivyo hivyo. Aliwafundisha Injili watoto wa watu waliomteka. Tusiseme kwamba hatuwezi kuwatumikia wenyeji kwa sababu hii si nchi yetu.

3. Usingoje cheo ili umtumikie Mungu. Kama unajua kusoma, msomee Biblia jirani asiyejua. Kama unapiga ngoma au gitaa, fundisha vijana.

4. Urafiki na wakubwa ni jambo zuri, lakini si ngao. Mwanga alimpenda Andrea, lakini alimpenda kiti chake zaidi. Tumaini letu tuliweke mahali pasipotikisika.

5. Chuki isirithishwe kwa watoto. Hili ni gumu, nami siliandiki kwa wepesi. Katika benchi moja la kanisa letu wanakaa watu ambao kule nyumbani makabila yao yalichomeana vijiji. Watu wa Bukumbi walimfungulia mlango Mwanga wakati damu ya rafiki zao haijapita miaka mitatu. Hawakusema kwamba aliyoyafanya ni mema. Walimpa chakula. Pengine hatua yetu ya kwanza ni hiyo: si kusahau, wala si kusema uongo kwamba hatukuumizwa, bali kumpa chakula mtoto wa yule tuliyemwogopa.

6. Tuyaangalie makanisa yetu. Katika makazi yetu kuna madhehebu mengi, na wakati mwingine tunagombana kwa ajili ya kiwanja cha kujenga kanisa au kwa ajili ya waumini waliohama. Vita vya mwaka 1892 vitutie aibu. Mateso yaliwaunganisha watu, amani ikawatenganisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Baba, mama na watoto, baada ya chakula cha jioni someni Mwanzo 45 na 2 Wafalme 5, halafu mzungumze:

– Ni kazi gani Mungu ametuwekea mikononi hapa tulipo leo, kama ngoma ya Andrea?
– Nani katika mtaa wetu au block yetu hajui kusoma, au ni mgonjwa na hana mtu wa kumtembelea?
– Yupo mtu wa kabila lingine ambaye hatujawahi kumkaribisha nyumbani? Tutamkaribisha siku gani?

Mungu aliyemwona Kaggwa kwenye njia ya mateka kutoka Bunyoro anawaona na ninyi, mlio ndani ya mahema na mlio katika vyumba vya kupanga. Awape amani, na awalinde watoto wenu wote, walio nyumbani na walio mbali. Amina.

Ni mimi mchungaji wenu katika Kristo.